Ghala limejaa, mbona mtoto hakui?

Ruvuma ni ghala la mahindi, na mabonde yake hutoa mpunga. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionesha kuwa takribani watoto 36 kati ya 100 wenye umri chini ya miaka mitano mkoani humu wamedumaa. Wastani wa nchi ni 30.

Kudumaa kuna sababu nyingi. Moja isiyosemwa sana ni upungufu wa zinki, madini yanayomsaidia mtoto kukua na kupambana na maradhi.

Mpunga nao huyahitaji. Jaruba likikaa na maji muda mrefu, zinki hujifunga kwenye udongo na mizizi hushindwa kuichukua. Wiki mbili hadi nne baada ya kupandikiza, miche huvia na majani hutoka madoa ya rangi ya kutu.

Ukiona hivyo usikimbilie urea, kwani haizibi pengo la zinki. Toa maji kwa muda udongo upate hewa, kisha mwone afisa ugani akuelekeze namna ya kupima udongo. Kituo cha utafiti cha TARI Uyole kiko Mbeya. Pengo likithibitika, dawa yake ni mbolea ya zinki salfeti, kwa kipimo utakachopewa.

Uturuki iliyapitia haya kwenye ngano. Miaka ya 1990 wataalamu walibaini upungufu mkubwa wa zinki katika udongo wa Anatolia ya Kati. Mbolea yenye zinki ilipandisha mavuno, na kuinyunyizia kwenye majani kukaongeza zinki ndani ya punje.

Lakini mavuno mazuri hayatoshi bila jiko. Kukoboa sana huondoa sehemu ya zinki. Dona na maharage vinayo, ila vina pia kitu kinachoizuia isifyonzwe mwilini. Loweka maharage na umwage maji yake. Nafaka ya uji iloweke, iachwe ichachuke au iote kabla ya kusagwa. Kisha ongeza dagaa wa Ziwa Nyasa, yai au nyama, hata kidogo.

Mtoto akiharisha, mpeleke kituo cha afya apewe vidonge vya zinki pamoja na ORS. Amalize dozi yote, hata kama kuhara kumekoma.