Jua Halilali Ziwani

Je, wajua kwamba jua likishazama Dar es Salaam, Mwanza bado wanalo kwa dakika kama 25? Saa za ukutani zinasoma sawasawa, lakini giza haliingii pamoja. Mtoto wa Kirumba, Mwanza, anaweza kuhakikisha mwenyewe: jioni ampigie simu shangazi yake aliye Dar, amuulize kukoje. Shangazi atamwambia adhana ya magharibi imeshapita na taa zimewashwa, naye mtoto bado yuko uwanjani anacheza mpira juani.

Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kwamba jua limekwenda kulala. Ni maneno matamu, na Mwanza yanaaminika upesi, kwa kuwa mtoto huliona likishuka upande wa ziwa kama linalotumbukia majini. Mimi naona tunawapunja watoto. Jua halijaingia ziwani: jamaa za mtoto huyo walio Bukoba, ng'ambo ya pili, wanaliona kwa dakika chache zaidi. Dunia ndiyo inayojizungusha kuelekea mashariki, na hapa karibu na ikweta ardhi tuliyosimama inakwenda kwa kasi ya kilomita zipatazo 1,670 kwa saa. Usiku ni upande wa dunia uliolipa jua kisogo.

Mtoto wa miaka mitano analielewa hilo kwa mwili wake. Usiku, washa tochi moja, iweke mezani, uzime taa nyingine. Msimamishe mtoto aitazame. Tochi ndiyo jua, kichwa chake ndicho dunia, pua ni Mwanza, shavu la kushoto ni Dar es Salaam. Pua ikielekea kwenye mwanga, Mwanza ni adhuhuri. Sasa ajigeuze polepole kwa kushoto, bila kuondoka pale alipo. Shavu la kushoto litaanza kuingia gizani, kisha pua. Akiendelea mpaka amalize mzunguko, shavu hilohilo ndilo litakaloanza kupata mwanga. Mwache azunguke mara nyingi kadiri anavyotaka, akitaja mwenyewe: asubuhi, mchana, jioni, usiku. Tochi haijasogea hata kidogo, na hilo ndilo la kumwonyesha.

Kila nyuzi moja ya longitudo huchukua dakika 4 kulipita jua. Saa ya Tanzania imepangwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, unaopita karibu na Mogadishu, na Mwanza iko nyuzi 12 hivi magharibi yake. Ndiyo maana jua la Mwanza hufika utosini saa saba kasorobo hivi, wala si saa sita kamili, na saa kumi na mbili jioni watoto bado wana muda wa kuchota maji kabla ya giza. Mchana wenyewe haubadiliki sana: kati ya Juni na Desemba tofauti haifiki dakika 20. Mtoto wa Ulaya kaskazini, wakati wa kiangazi, hulazwa kitandani jua likiwaka. Wa Mwanza akiambiwa usiku, ni usiku kweli.

Hata hivyo usiku huo si wa kulala kwa kila mtu. Wavuvi wa dagaa huingia ziwani giza likiwa nene, na taa zao huonekana kutoka nchi kavu kama mji mwingine juu ya maji. Usiku dagaa hupanda karibu na uso wa maji, kisha hukusanyika penye taa na kuzungushiwa wavu. Asubuhi wanashushwa mwaloni na kuanikwa, na hapo jua ndilo linalomaliza kazi.

Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wengi hupumzika, kwa sababu mbalamwezi hutawanya mwanga ziwa zima na taa haiwavuti tena dagaa. Mtoto akiuliza kwa nini baba yuko nyumbani, mtoe nje jioni hiyo. Jua linashuka upande wa ziwa, na mwezi mzima unachomoza upande wa Magu. Mweleze kwamba mwezi hauna mwanga wake. Unaong'aa pale ni mwanga wa jua lilelile, linaloendelea kuumulika mwezi hata baada ya sisi kuligeuzia kisogo, na mwanga huohuo ndio uliomzuia baba asiende kuvua.