Matumizi ya simu yaliyopitiliza kwa vijana balehe

Matumizi ya simu yaliyopitiliza (huitwa pia uraibu wa simu) ni hali ambayo mtu anashindwa kudhibiti matumizi yake ya simu janja, hata pale yanapomletea madhara katika usingizi, masomo, kazi za nyumbani au uhusiano wake na watu. Hali hiyo inaangaliwa hasa kwa vijana wadogo wa rika balehe, yaani wenye umri wa miaka 10 hadi 14, kwa kuwa ndio umri ambao wengi huanza kutumia simu na pia ambao matatizo mengi ya afya ya akili huanza kujitokeza.

Maana

Uraibu wa simu haumo katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani (WHO). Toleo la 11 la orodha hiyo, lililoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, linatambua tatizo la kucheza michezo ya video kupita kiasi, lakini si la simu kwa jumla. Kwa sababu hiyo wataalamu wengi hupendelea kusema "matumizi yenye matatizo" badala ya "uraibu".

Wingi wa saa peke yake hautoshi kuonyesha tatizo. Mtoto anayetumia simu saa tatu kusoma na kuzungumza na ndugu anaweza kuwa salama kuliko yule anayeamka kila usiku kutazama ujumbe kwa siri. Kipimo kimoja kinachotumika sana, kilichotungwa Korea Kusini mwaka 2013, kina maswali 10. Maswali hayo hayahesabu saa, bali huuliza kama mtu anaacha kazi zake, anakosa utulivu akiwa hana simu, au anatumia muda mrefu kuliko alivyokusudia.

Uhusiano na afya ya akili

WHO inakadiria kwamba kijana mmoja kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Nchini Kenya, utafiti wa kitaifa uliohusu vijana wa miaka 10 hadi 17 ulikuta kwamba takriban 44% walikuwa na dalili za tatizo la afya ya akili katika mwaka uliotangulia, na takriban 12% walifikia kiwango cha kuhesabiwa kuwa wagonjwa.

Mwaka 2019 watafiti wa King's College London walikusanya matokeo ya tafiti 41 zilizohusu watoto na vijana karibu 42,000. Walikuta kwamba takriban mmoja kati ya wanne alikuwa na dalili za matumizi yenye matatizo, na kwamba dalili hizo ziliambatana na sonona, wasiwasi, msongo wa mawazo na usingizi mbaya.

Hata hivyo, kuambatana si kusababisha. Kijana mwenye huzuni au anayeonewa shuleni anaweza kukimbilia simu ili asahau, na hapo simu ni dalili ya tatizo, si chanzo chake. Utafiti mwingine wa mwaka 2019, uliochapishwa na Amy Orben na Andrew Przybylski, ulihusu vijana zaidi ya 355,000 na kukuta kwamba matumizi ya teknolojia yalieleza si zaidi ya 0.4% ya tofauti za ustawi kati yao. Kwa upande mwingine Jonathan Haidt, katika kitabu alichotoa mwaka 2024, anadai kwamba simu janja ni chanzo kikuu cha kuzorota kwa afya ya akili ya vijana. Mjadala huo unaendelea.

Jambo lisilobishaniwa sana ni usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12, na wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Simu inayobaki kitandani hupunguza saa hizo, na usingizi mchache huongeza hasira, usahaulifu na huzuni.

Hali nchini Tanzania

Tanzania watoto wengi hutumia simu ya mzazi, kaka au dada. Laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha Taifa, ambacho hutolewa kwa mwenye miaka 18 na kuendelea. Hivyo laini anayotumia mtoto kwa kawaida ipo kwa jina la mtu mzima. Mitandao kama TikTok, Instagram na Facebook huweka miaka 13 kuwa umri wa chini wa kujiunga, lakini akaunti ikifunguliwa kwa simu na umri wa mtu mzima, kizuizi hicho hakifanyi kazi.

Shuleni wanafunzi kwa kawaida hawaruhusiwi kuwa na simu. Matumizi yao hujikusanya jioni, usiku na wakati wa likizo, na mara nyingi kwa kujificha. Bei ya bando huweka mpaka fulani, lakini huweza pia kumfanya mtoto apokee vocha au bando kutoka kwa mtu asiyemfahamu vizuri.

Hatari hiyo si ya kufikirika. Ripoti ya mwaka 2022 ya ECPAT, INTERPOL na UNICEF kuhusu Tanzania ilionyesha kwamba takriban thuluthi mbili ya watoto wa miaka 12 hadi 17 walitumia intaneti, na kwamba 4% ya watumiaji hao walikuwa wamefanyiwa unyanyasaji mkubwa wa kingono kupitia mtandao katika mwaka mmoja. Mtoto anayejua kwamba akisema atapigwa au kunyang'anywa simu huenda akanyamaza.

Dalili

Mzazi au mwalimu anashauriwa kuangalia mabadiliko yanayodumu kwa wiki kadhaa:

- kulala kwa kuchelewa na kusinzia darasani;
- kushuka kwa alama za masomo;
- kuacha michezo, marafiki au ibada alivyovipenda;
- hasira kali au hofu anapokosa simu;
- kusema uongo au kuchukua fedha kwa ajili ya bando;
- kujitenga, kulia mara kwa mara au kusema kwamba maisha hayana maana.

Dalili ya mwisho inahitaji msaada wa haraka, iwe inahusiana na simu au la.

Kinga na msaada

Kunyang'anya simu ghafla huweza kuzima matumizi bila kugusa sababu yake. Hatua zinazopendekezwa ni kukubaliana saa za matumizi, kuweka simu zote za nyumbani, pamoja na za wazazi, nje ya vyumba vya kulala, na kumpa mtoto shughuli nyingine. WHO inashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi ya mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku.

Kwa familia ya Mzinga, kata ya Manispaa ya Morogoro karibu na milima ya Uluguru, msaada wa kwanza unaweza kuwa mwalimu wa ushauri nasaha, afisa ustawi wa jamii au zahanati, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro. Kwa Waluguru, wanaofuata ukoo wa mama, mjomba naye ni mtu anayeweza kusikilizwa na kijana asiyetaka kuzungumza na wazazi. Matatizo makubwa zaidi hupelekwa hospitali ya Mirembe, Dodoma.

Mtoto au mtu mzima anaweza pia kupiga namba 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto inayoendeshwa na shirika la C-Sema. Unyanyasaji wa mtandaoni huripotiwa polisi kwenye dawati la jinsia na watoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 zinamlinda mtoto.