Kikasha cha Risasi na Lugha ya Askari

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, vijana wengi wa Nyanza, eneo ulipo mji wa Ahero, walihudumu katika King's African Rifles. Mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana Burma. Mjaluo, Mkamba na Mnandi waliunganishwa na Kiswahili. Hivyo, kulielewa neno la silaha lilikuwa suala la uhai.

Tuchukue mfano wa kikasha cha risasi cha bunduki fupi ya rashasha. Thompson ya Wamarekani ilikuwa na kikasha cha risasi 20 au 30; kile cha mviringo, cha risasi 50, kilikuwa kizito na chenye kelele. Sten ya Waingereza ilipachikwa kikasha cha risasi 32 ubavuni kushoto, nacho aghalabu kilijazwa pungufu ili bunduki isikwame. Owen ya Waaustralia ilipachikwa chake kwa juu.

Thompson ilitumia risasi za inchi 0.45, Sten za milimita 9. Askari aliyeletewa kikasha kisichoafiki bunduki yake hakuwa na silaha. Ni dhahiri, basi, kwamba istilahi isiyobainisha huweza kuua. Waundaji wa istilahi hawana budi kulizingatia hilo.