Pupa humshinda mnyanyuaji kabla ya chuma

Msomaji, kumbe kazi ya kocha si kupiga kelele! Nililijua hilo Jumamosi moja mjini Kisumu, nilipoandamana na rafiki zangu wawili kwenye mashindano ya kunyanyua uzani.

Mitindo ni mitatu: kuchuchumaa na chuma mabegani, kukisukuma ukiwa umelala benchini, na kuking'oa sakafuni. Kila mtindo una majaribio matatu. Ukiyakosa yote, umetolewa. Na uzani ukishaanza nao, huruhusiwi kuupunguza.

Mwanafunzi alianza na uzani mdogo, akapita. Mwenzake, fundi wa mashua kutoka Dunga, alitaka kilo 160 kwa kuwa wanawe walikuwa wakitazama. Nilimsihi aanze na 140, akakataa. Chuma kikamlemea mara mbili.

Ikabaki nafasi moja. "Ndugu yangu," nikamnong'oneza, "vuta pumzi, kaza tumbo, shuka polepole."

Aliinuka akitetemeka. Waamuzi wawili kati ya watatu wakawasha taa nyeupe. Amepona!

Ikafika zamu ya benchi, mtindo uliompa Mkenya Hellen Wawira Kariuki nishani ya shaba miongoni mwa wanyanyuaji wenye ulemavu, Michezo ya Jumuiya ya Madola, Birmingham, mwaka 2022.

Fundi akanigeukia. "Tuanze na ngapi?"

Nikamtajia uzani mdogo. Hakubisha.