Safari ya Ndege ya Usiku: Mama, Usisahau Miguu Yako

Leo tutazungumza juu ya safari ya ndege ya usiku, hasa ile ya kurudi nyumbani baada ya matembezi ya siku chache katika mji wa mbali.

Huenda mama mmoja anasema, "Muuguzi, hayo hayanihusu. Mimi ndege naiona ikipita juu tu." Ngoja kwanza. Siku hizi akina mama wengi wanasafiri. Kuna anayekwenda Dubai siku 4 kutembea na kununua nguo za kuuza. Kuna nyanya anayeitwa na watoto wake London akamwone mjukuu. Na hata kama hujapanda ndege, mengi nitakayosema yanahusu pia basi la usiku la kwenda Mombasa au Kisumu. Kwa hivyo sikiliza, kisha umwambie na jirani.

Kwa nini safari ya kurudi?

Tuchukue mfano. Mama ameondoka Nairobi Ijumaa usiku kwenda Dubai. Amekaa kitini muda wa saa 5 hivi. Jumamosi hadi Jumatatu anazunguka madukani kutwa nzima, miguu inawaka moto. Jumanne usiku anapanda ndege ya kurudi, muda wa saa 5 tena. Safari hii amechoka sana. Akifunga mkanda tu, usingizi unamchukua, hajinyooshi wala hasimami mpaka magurudumu yaguse Nairobi. Asubuhi hiyo hiyo anapanda basi la Kisumu, saa 7 nyingine. Jumla ni saa 17 za kukaa kitini katika muda usiofika wiki moja.

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti kuhusu safari ndefu. Walipata kwamba mtu akikaa bila kujisogeza katika safari ya saa 4 au zaidi, hatari ya damu kuganda ndani ya mshipa huongezeka karibu mara mbili. Haijalishi kama ni ndege, gari moshi, basi au gari dogo. Walisema pia kwamba hatari hiyo haiishi siku unaposhuka. Hubaki juu kwa muda wa wiki 4 hivi, na safari nyingi zikifuatana huongezewa. Ndiyo maana nasema safari ya kurudi iangaliwe zaidi: hatari ya safari ya kwenda bado haijaondoka mwilini.

Lakini msiogope kupita kiasi. Kwa watu wote kwa jumla hatari ni ndogo, kama mtu 1 kati ya 6,000. Shida ni kwamba akina mama wengine wako karibu zaidi na huyo mmoja kuliko watu wengine. Tutafika hapo.

Damu huganda vipi?

Moyo husukuma damu mpaka kwenye vidole vya miguu. Kuirudisha juu ni kazi nyingine, na hapo moyo husaidiwa na misuli ya shavu la mguu. Kila unapopiga hatua, misuli hiyo hukaza na kuibana mishipa, kama vile unavyokamua nguo, na damu hupanda. Ndani ya mshipa kuna vilango vidogo vinavyozuia damu isirudi chini.

Sasa ukikaa usiku kucha magoti yamekunjwa, ukingo wa kiti umebana nyuma ya paja, hakuna anayekamua. Damu hutembea polepole, na katika mshipa wa ndani kabisa inaweza kuganda ikawa donge. Donge hilo likimeguka, kipande husafiri mpaka kwenye mapafu na kuziba njia ya damu. Hapo mtu anaweza kufa ghafla. Wengine wameuita ugonjwa wa viti vya bei nafuu, lakini hata aliyelipa pesa nyingi akilala bila kujisogeza anaweza kuupata.

Nani awe mwangalifu zaidi?

Kwanza ni mama mjamzito, na mama aliyejifungua, hasa katika wiki 6 za kwanza. Akiwa alijifungua kwa upasuaji, hatari huzidi. Wakati huo mwili wenyewe hufanya damu iwe rahisi kuganda, ili mama asitokwe na damu nyingi wakati wa kujifungua.

Pili, mama anayemeza vidonge vya kupanga uzazi vyenye homoni ya estrojeni. Usiviache kwa sababu ya safari. Muulize muuguzi wa kliniki yako.

Tatu, mtu aliyewahi kuwa na donge la damu, au ambaye mzazi au ndugu yake aliwahi kulipata. Nne, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, aliye na saratani, au mwenye uzito mkubwa. Mtu mfupi sana pia, ambaye miguu yake haifiki sakafuni vizuri, kiti humbana mapaja.

Kama uko katika hesabu hii, nenda ukaongee na daktari kabla ya kununua tikiti. Wengine hupewa soksi maalum za kubana miguu, zinazofika chini ya goti. Wachache hupewa sindano ya kupunguza kuganda kwa damu.

Mtoto akilala mapajani

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, akina mama. Mtoto amelia tangu ndege ipae. Abiria wamegeuka kumtazama. Mwishowe amenyonya, amelala mapajani. Mama hufanya nini? Anageuka jiwe. Hakohoi, hasogezi mguu, haendi msalani, anaogopa mtoto ataamka. Anakaa hivyo mpaka alfajiri. Na mara nyingi mama huyo ndiye aliyejifungua juzi, yule yule tuliyesema damu yake ni rahisi kuganda.

Mama, mtoto kuamka si ugonjwa. Atalia, atanyonya, atalala tena. Hivi ndivyo utakavyofanya:

Unapokata tikiti, omba kiti cha kando ya njia, si cha dirishani, ili usimame bila kuruka watu. Uliza pia kama kuna kitanda kidogo cha mtoto kinachofungwa ukutani mbele ya viti vya mwanzo. Viko vichache, na vina kiwango cha uzito, kwa hivyo omba mapema. Ndege ikitikisika utaambiwa umtoe mtoto na umshike.

Usijaze mizigo chini ya kiti cha mbele yako. Hapo ni mahali pa miguu yako. Mabegi ya biashara yaende juu au yakapimwe.

Vaa nguo iliyolegea na viatu visivyobana. Usiweke mguu mmoja juu ya mwingine.

Kila baada ya muda wa saa moja ukiwa macho, fanya zoezi hata mtoto akiwa amelala. Weka visigino sakafuni, inua vidole juu. Kisha weka vidole sakafuni, inua visigino. Rudia mara 20. Zungusha kila kifundo cha mguu upande huu na upande ule. Mtoto hatasikia chochote.

Taa ya mkanda ikizimwa, simama. Mpe mwenzako mtoto, au mfunge kwa leso yako, utembee mpaka nyuma ya ndege na kurudi.

Usimeze vidonge vya usingizi, na pombe iache. Vyote viwili humfanya mtu alale kama gogo. Maji kunywa. Hewa ya ndege ni kavu sana, na mama anayenyonyesha hukaukiwa haraka. Tena ukinywa maji utalazimika kwenda msalani, na hiyo ni sababu nzuri ya kusimama.

Na mtoto mwenyewe?

Mtoto wa chini ya siku 7 ni afadhali angoje. Aliye mkubwa kuliko huyo, shida yake kubwa ni masikio. Ndege inaposhuka, hewa ya nje husukuma ngozi ya ndani ya sikio, na kijinjia kidogo kinachounganisha sikio na koo hakifunguki upesi kwa mtoto. Dawa yake ni kumeza mate. Mnyonyeshe, au mpe kikombe anywe kidogo kidogo, wakati wa kupaa na hasa wakati wa kushuka. Kushuka huanza kama nusu saa kabla ya kutua, kwa hivyo usimnyonyeshe akashiba mapema mno. Mtoto mwenye homa, au sikio linalouma au kutoa usaha, apelekwe kwa daktari kabla ya safari.

Mtoto wa mapajani hafungwi ndani ya mkanda wako, kwa maana uzito wako utamponda. Omba ule mkanda mdogo unaounganishwa na wako. Na ukihisi usingizi umekulemea, mpe mwenzako amshike, msilale nyote wawili mtoto akiwa amebanwa kifuani.

Jambo lingine. Kuna akina mama wanaompa mtoto Piriton au dawa ya kikohozi ili alale safarini. Tafadhali acheni. Dawa hizo zinaweza kupunguza pumzi ya mtoto, na watoto wengine badala ya kulala huchangamka usiku kucha. Zile zenye promethazine hazifai kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka 2.

Dalili za hatari baada ya kufika

Miguu yote miwili kuvimba kidogo baada ya safari ni kawaida. Tembea, ukilala iinue juu ya mto, na itapungua baada ya siku moja au mbili.

Lakini kwa muda wa wiki 4 angalia haya: mguu mmoja kuvimba kuliko mwingine, uchungu kwenye shavu la mguu au paja, kama mkazo wa misuli usiokwisha, na mahali hapo kuwa na joto. Vitabu husema ngozi huwa nyekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane. Kwa hivyo tumia mkono wako kupima joto, na tepu ya fundi cherehani kupima unene wa miguu yote miwili mahali palepale. Tofauti ikifika sentimita 3, usingoje. Hata isipofika, kama mguu unauma na una joto, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na uwaambie wazi, "Nilisafiri kwa ndege juzi." Usipowaambia huenda wasifikirie.

Mguu wa namna hiyo usikandwe. Usipakwe dawa ya kuchua wala kusuguliwa na mtu, kwa maana donge linaweza kumeguka.

Na ukishikwa ghafla na kukosa pumzi, uchungu wa kifua unapovuta hewa, kukohoa damu au kuzirai, hiyo ni dharura. Nenda hospitali kubwa iliyo karibu sasa hivi, hata kama ni usiku.

Maswali ambayo huulizwa sana

Je, nimeze aspirini kabla ya kusafiri? Hapana, usimeze kwa ajili ya safari bila daktari kukuambia. Inaweza kuleta kutokwa na damu tumboni.

Nina mimba ya miezi 7. Naruhusiwa kupanda? Kwa kawaida mama mwenye mtoto mmoja tumboni husafiri mpaka mwisho wa wiki ya 36, na mwenye mapacha mpaka mwisho wa wiki ya 32, kama hana tatizo. Baada ya wiki ya 28 beba barua ya daktari inayoonyesha siku ya kujifungua, na kitabu chako cha kliniki. Uliza kampuni ya ndege, kwa sababu kila moja ina masharti yake, na kumbuka siku ya kurudi mimba itakuwa kubwa zaidi. Mkanda uupitishe chini ya tumbo.

Mtoto wangu ana seli mundu. Je? Ndani ya ndege hewa ni kama ya mahali palipo mita 1,800 hadi 2,400 juu ya bahari, yaani kati ya Nairobi na Nyahururu. Mtoto wa Kisumu au Malindi hajazoea hali hiyo. Mwone daktari wake kwanza. Safarini mpe maji mara kwa mara, mfunike asipate baridi, na dawa zake uzibebe mkononi, zisiende na mizigo.

Ya kukumbuka

Hesabu safari zako zote za wiki hiyo, si ya ndege peke yake. Ukiweza, lala Nairobi usiku mmoja kabla ya kupanda basi. Usipoweza, basi likisimama kwa chai, shuka utembee. Sogeza miguu kila saa, mtoto awe amelala au yuko macho. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, nenda hospitali.

Mama husafiri akimwangalia kila mtu: mtoto amekula, nyanya amefunikwa, mizigo imehesabiwa. Jihesabu na wewe pia.