Samani za kale za Pwani: Jinsi ya kutambua kazi halisi ya fundi

ANAYEPITA barabara ya Diani, katika Kaunti ya Kwale, huona madukani vitanda, viti na masanduku ya mbao yanayosemekana kuwa ya kale. Kitu cha kale na kilichochongwa juzi kisha kikasuguliwa kizeeke huweza kufanana machoni. Tofauti yao si bei pekee, kwa kuwa cha kale kina ulinzi wa sheria.

Asili yake

Kiti cha enzi kina egemeo refu, mahali pa kuwekea miguu, na mapambo ya pembe au mfupa yaliyopachikwa katika mpingo. Kinahusishwa zaidi na Lamu na visiwa jirani, nacho kilikaliwa na wageni wa heshima. Masanduku yaliyopigwa njumu za shaba yaliletwa kwa majahazi ya kaskazi kutoka India, na mafundi wa Pwani wakajifunza kuyaunda.

Katika nyumba za kawaida za kusini, kutoka Diani na Msambweni hadi Vanga, fahari ilikuwa ndogo. Palikuwa na kitanda cha kamba na mbuzi ya kukunia nazi. Vitu hivi navyo ni kazi ya fundi, ingawa mara nyingi huishia jikoni kama kuni.

Ufundi

Fundi wa zamani hakutegemea misumari. Alichonga ulimi kwenye ubao mmoja, akatoboa tundu kwenye mwingine, akavishikiza kwa kigingi cha mti. Kulikuwa na sababu: mbao huvimba masika na kusinyaa kiangazi, na kigingi hufuatana nazo. Msumari wa chuma hushika kutu kwa hewa ya chumvi, ukaupasua ubao.

Miti nayo ilichaguliwa. Mvule hustahimili mchwa. Mbambakofi, unaoota pia katika misitu ya Shimba Hills, ni mgumu na hudumu.

Dalili za kutazama

Mnunuzi na akipindue kitu, atazame chini na nyuma, mahali ambapo fundi hakujali kupamba. Tezo na randa za mkono huacha alama zisizolingana. Msumeno wa mviringo wa mashine huacha mikwaruzo ya upinde. Skrubu zenye kichwa cha msalaba zilianza kuenea miaka ya 1930. Zikiwamo, ama kitu si cha kale sana ama kimekarabatiwa. Uchakavu wa kweli huonekana panaposhikwa na kukanyagwa, wala hauenei sawasawa kila mahali.

Sheria

Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 huhesabu kuwa mambokale kitu chochote kinachohamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895. Milango na fremu zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya 1946 nazo zinalindwa. Havitolewi nchini bila kibali. Kiti chenye pembe za ndovu kina kikwazo zaidi, kwani biashara ya kimataifa ya pembe hizo ilipigwa marufuku mwaka 1989.

Kwa hiyo mwenye nyumba anayeletewa mnunuzi wa mlango wa babu yake afadhali aulize kwanza ofisi ya Makavazi, kama vile Fort Jesus, Mombasa. Mlango ukishavuka bahari, ni vigumu kuurudisha.