Miaka Mitano ya Rubani

Wanangu, mkiwaona marubani wa ndege kubwa wakipita uwanjani, tazameni mabega yao. Mwenye mistari minne ni kapteni, mwenye mitatu ni msaidizi wake. Wengi hudhani mistari minne hupewa anayerusha ndege vizuri kuliko wenzake. Katika mashirika makubwa ya Marekani, ambako hadithi hii imetokea, wote wawili wamefaulu mitihani migumu. Mara nyingi kinachowatenganisha ni tarehe ya kuajiriwa.

Rubani akianza kazi huandikwa mwisho wa orodha ya ukongwe. Nafasi yake katika orodha hiyo ndiyo inayoamua atarusha ndege gani, atapangiwa mji gani, na kama Krismasi atakuwa nyumbani au angani. Shirika likipunguza watu, wa mwisho katika orodha ndiye wa kwanza kuondoka. Hata uwe hodari namna gani, huwezi kumruka aliye mbele yako. Unasogea yeye akiondoka. Ukihamia shirika jingine, unaanza tena mkiani.

Basi mnaona kwa nini umri wa kustaafu ni jambo zito. Tangu mwaka 1960, sheria ya Marekani ilimtaka rubani wa shirika la ndege aache kazi akifikisha miaka 60. Sheria hiyo haikujali ustadi wa mtu. Mwaka 1989, injini ya mkiani ya ndege ya shirika la United ilipasuka angani, na mitambo yote ya kuiongoza ikafa. Kapteni Al Haynes, mwenye umri wa miaka 57, akisaidiana na wenzake watatu, aliielekeza ndege hadi mji wa Sioux City kwa kuongeza na kupunguza nguvu za injini mbili zilizobaki. Watu 112 walikufa, lakini 184 walipona katika ajali ambayo ingeweza kuwamaliza wote. Miaka miwili baadaye Haynes alifikisha 60, akastaafu.

Mwaka 2006, ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia usafiri wa anga, liliruhusu marubani wa safari za kimataifa wafike 65. Marekani ikafuata tarehe 13 Desemba 2007, Rais George W. Bush alipotia saini sheria mpya. Aliyekuwa ametimiza 60 kabla ya siku hiyo hakuweza kurudi kwenye nafasi yake. Akitaka kurudi, aajiriwe upya na kuanzia chini. Aliyetimiza siku iliyofuata alipata miaka mitano zaidi. Siku mbili tu za kuzaliwa ziliwatenga watu waliofanya kazi pamoja maisha yao yote.

Wazee walifurahi, nami siwalaumu hata kidogo. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, mashirika kadhaa yalifilisika, na mifuko ya pensheni ya marubani wa United na US Airways ikavunjwa. Mtu aliyejiwekea tumaini kwa miaka 30 alikuta uzee wake hauna akiba aliyoahidiwa. Kwake, miaka mitano ya mshahara wa kapteni ilikuwa mkombozi.

Na vijana je? Waliambiwa, "Nanyi pia mtapata miaka mitano yenu." Ni kweli, lakini fikirini foleni ya maji bombani. Inatangazwa kwamba kila mtu ataruhusiwa kujaza ndoo mbili zaidi. Aliye mbele anazijaza sasa hivi. Aliye nyuma anangoja ndoo za ziada za wote waliomtangulia, naye hajui kama maji hayatakatika kabla ya zamu yake. Mzee alipata miaka mitano ya kileleni, kijana akapewa miaka mitano ya kungoja, huku malipo yake yakiahirishwa hadi uzeeni, ikiwa afya itamruhusu kufika huko.

Maji yakakaribia kukatika kweli. Mwaka 2008 mafuta yalipanda bei sana, kisha uchumi ukaanguka. Mashirika yakapunguza safari, na kwa kuwa karibu hakuna aliyelazimika kustaafu hadi mwisho wa 2012, waliopunguzwa walikuwa wa chini. Wengine walikwama kwenye mashirika madogo yenye mishahara midogo, wana watoto na madeni ya chuo cha urubani.

Aliyeajiriwa mwaka 2022 alikuta dunia nyingine. Mwaka 2020, wakati wa korona, mashirika yaliwalipa maelfu ya wazee ili wastaafu mapema. Abiria waliporudi, nafasi za kazi zilikuwa tele, na baadhi ya vijana walivaa mistari minne haraka ajabu.

Mwaka 2023 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha pendekezo la kufikia 67, lakini sheria iliyotiwa saini Mei 2024 ililiacha nje. Kikwazo kikubwa kilikuwa kwamba kikomo cha ICAO kilibaki 65. Kapteni wa miaka 66 asingeweza kuruka kwenda London. Angerudishwa kwenye safari za ndani, ajifunze upya ndege nyingine, na kwa ukongwe wake amsukume chini aliyekuwa ameishika nafasi hiyo. Kama kikomo kitapanda tena, mimi ningetaka kipande polepole, mwezi kwa mwezi kwa miaka kadhaa, ili kila mwaka wazee wachache waondoke na foleni isogee.